Shajara ya ukuta wa vigae: Tukuyu, Julai hadi Oktoba

Jumamosi, 12 Julai

Nimerudi kutoka Lyulilo na viroba vinne vya udongo. Mgongo unauma, na konda amenitoza nauli ya watu watatu kwa ajili ya mzigo. Nilipomweleza kwamba ni udongo wa watoto wa shule, akaniuliza kama udongo wa Tukuyu umekwisha.

Swali lake lina mantiki. Udongo tunao, tena mweusi wa volkano, hata fimbo ukiichomeka inaota. Migomba inaupenda, chai inaupenda. Chungu ndicho kisichoutaka. Mwezi Mei tulijaribu vigae sita vya udongo wa nyuma ya jiko la shule, na vyote vilipasuka kabla hata ya kuonja moto. Ndiyo maana leo nimeshuka zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani.

Kwa asiyefika: Lyulilo iko mwisho wa ufukwe wa Matema, pale Milima ya Livingstone inaposimama wima na kutumbukiza miguu yake Ziwa Nyasa. Soko la vyungu ni Jumamosi. Vyungu vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi, vingine vikitokea Ikombe, na vinapangwa mchangani vikubwa kwa vidogo, vimefungwa kwa nyasi visigongane. Wauzaji ni akina mama wa Kikisi, na ndio waliovifinyanga. Kufinyanga kwao ni kazi ya wanawake.

Nilimkuta bibi mmoja nimezoea kununua kwake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia tunataka kujenga picha ya udongo kwenye ukuta wa maktaba, aje atufundishe.

“Huo ukuta mtaupikia nini?” akauliza.

Nikakosa jibu. Akacheka, akaita wenzake waje wasikie. Mwishowe akakubali kwa masharti matatu: watoto waponde udongo wenyewe, alale kwa ndugu yake aliyeko Tukuyu wala si nyumba ya wageni, na arudishwe kabla ya Jumamosi kwa sababu soko halimsubiri mtu. Malipo tukaelewana. Juu yake akaongeza mikungu miwili ya ndizi, “kama zamani.” Hiyo “kama zamani” nimeiandika pembeni mwa daftari.

Jumatano, 16 Julai

Kikao cha kamati kuhusu kitakachokaa ukutani. Saa mbili na nusu.

Mjumbe mmoja alitaka twiga, Mlima Kilimanjaro na Mwenge wa Uhuru. Nikauliza kwa adabu ni lini mara ya mwisho twiga alionekana Rungwe. Mwingine alitaka jengo la boma la Wajerumani, enzi mji huu ukiitwa Neu-Langenburg. Wa tatu alikwenda mbali kuliko wote: tununue vigae vya dukani Mwanjelwa, vyeupe vinavyong'aa, mchoraji apake rangi juu, tumalize kwa wiki moja.

Huyu wa tatu alinisaidia bila kujua. Kiswahili chetu kinaita kile cha dukani kigae, na kipande cha chungu kilichovunjika pia ni kigae. Nilitoa mfukoni kipande cha chungu cha mama yangu, nikakiweka mezani, nikasema hiki nacho ni kigae na kimeona moto mwingi kuliko sisi sote humu. Mwalimu mkuu akatabasamu, nikajua nimepita.

Nilichopendekeza ni njia ya biashara ya zamani. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwamba chuma kilikuwa kikitoka kwa Wakinga milimani na vyungu vikitoka kwa Wakisi ziwani. Wanyakyusa walikuwa na chakula, ng'ombe na ardhi inayocheka, ila jembe la kulimia na chungu cha kupikia vililetwa na jirani. Urithi wa hapa ni huo. Hakuna kabila lililojitosheleza, na aliyesema mezani kwamba shule iko Unyakyusa kwa hiyo tuchore Wanyakyusa peke yao, nilimuuliza ugali wa babu yake ulisongwa ndani ya nini.

Tumekubaliana: kushoto Wakinga na tanuri lao la chuma, katikati ziwa na mitumbwi ya vyungu, kulia Mlima Rungwe na migomba, na njia moja inayopinda kupita kote. Michango ni ya hiari, hilo limeandikwa kwenye muhtasari kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 21 Julai

Watoto wa darasa la tano na la sita, 44. La saba hatuwagusi, wana mtihani wa taifa Septemba.

Bibi amefika jana jioni akiwa na kanga tatu na sweta mbili, na bado analalamikia baridi. Asubuhi watoto wakasimama: “Shikamoo Bibi!” Akaitikia, akawatazama miguu, akasema viatu vivuliwe. Saa moja nzima walisigina udongo juu ya turubai huku wakiimba, na yeye akipita kuokota vijiwe na mizizi. Kila kijiwe alikiinua juu wakione. “Hiki kitakuvunjia kazi ya siku tano.”

Kuna jambo dogo lililotokea nisilotaka kulisahau. Bibi alikuwa akijisemea Kikisi, kama watu wazima wanavyofanya kazini. Binti mmoja wa darasa la tano, mkimya, ambaye tangu aje shuleni nimemdhania ni Mnyakyusa kama wengine, akamjibu. Kikisi hicho hicho. Bibi akaacha udongo, wakaongea. Wenzake wakageuka wote. Mvulana mmoja akauliza kwa sauti, “Kumbe wewe ni Mkisi?” kwa namna ile ambayo watoto hawajui kuificha, kwa sababu hapa kwetu Mkisi ni yule mama anayeuza vyungu barabarani basi. Binti akanyamaza. Bibi akamuuliza yule mvulana nyumbani kwao maharage yanapikwa kwenye nini. “Kwenye chungu.” “Alikifinyanga nani?”

Tangu saa nne binti huyo ndiye mkalimani wetu, maana Bibi akichoka Kiswahili kinamtoka. Darasani hajawahi kuongea hivyo.

Jumanne, 22 Julai

Hesabu ya leo imefanyika kwa rula na udongo badala ya kitabu.

Udongo ukikauka hunywea, na ukichomwa hunywea tena. Wiki iliyopita nilitengeneza kipande cha majaribio na kukichora mstari wa sentimita 10. Kilipokauka ulikuwa 9.4. Nikakichoma kwenye jiko la mkaa kwa tahadhari, ukawa 9.1. Swali kwa darasa la sita: tunataka kigae kilichoiva kiwe na upande wa sentimita 15, tukikate kikiwa kibichi kwa upande wa ngapi? Walibishana hadi kengele. Kundi la dirishani ndilo lililopata 16.5, kwa kugawanya 15 kwa 0.91. Waliobaki waliongeza tu asilimia tisa wakapata 16.35, kosa ambalo nami ningelifanya.

Ukuta unahitaji safu 8 za vigae 20, jumla 160. Unene sentimita moja na nusu. Fremu za mbao katutengenezea fundi seremala, mzazi, kwa mabaki ya mbao zake.

Bibi hazipendi fremu. Yeye huweka bonge la udongo juu ya gae kubwa, analizungusha kwa mkono mmoja na kulipandisha kwa mwingine, na ndani ya muda mfupi kuna chungu chenye mdomo mviringo kuliko niuchorao kwa bikari. Kitu bapa chenye pembe nne kwake ni kitu kilichokufa. Ila akatushauri jambo kubwa: tusikipindepinde kigae kikiwa kibichi, kwa kuwa udongo unakumbuka. Ukikunja pembe ukainyoosha, ikikauka itarudi ilikokunjwa. Nimehakikisha, ni kweli kabisa.

Nilimweleza kwamba kwa vigae bapa nataka kuchanganya chenga za vyungu vilivyosagwa, ili visipinde na mvuke upate pa kutokea. Yeye kwenye vyungu vyake hafanyi hivyo. “Huo ni ukuta wenu,” akasema. Basi nikawaagiza watoto: kesho kila mmoja alete kipande cha chungu kilichovunjika nyumbani.

Jumatano, 23 Julai

Wameleta. Meza mbili zimejaa. Mashingo, matako ya vyungu yenye masizi ya miaka, kipande chenye michoro myeupe iliyofifia. Mtoto mmoja amekuja na chungu kizima na bibi yake akifuata nyuma kukidai.

Tumeviponda kwenye kinu na kuchekecha. Kwa hiyo ndani ya kila kigae cha ukuta huu kuna unga wa vyungu vilivyokwisha kupika.

Ijumaa, 25 Julai

Bibi ameondoka na mikungu yake miwili. Vigae 70 vimechongwa. Chini ya kila kimoja kuna mikwaruzo ya kushika saruji, pamoja na namba yake: A1 hadi H20, kama viti vya basi.

Mvulana wa Kikinga aliyepewa tanuri la chuma alikuwa hajui kwamba babu zake walikuwa wahunzi. “Sisi ni watu wa maduka, Mwalimu.” Amekaa nalo siku tatu, mivukuto ameichora mara nne. Pembeni kulia, mtoto mmoja ameomba kipunji, yule nyani aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005 baada ya kuonekana msitu wa Rungwe. Nikamwambia haihusu biashara. Akasema kipunji alikuwa juu ya mti akiwaangalia wafanyabiashara. Nimemruhusu.

Alhamisi, 31 Julai

Havikauki.

Tukuyu hii hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata kiangazi kikija tunaletewa ukungu. Nimepanga vigae darasani juu ya magazeti na kuvigeuza kila siku. Siku sita sasa, ukivigusa ni baridi kama shavu la chura. Kigae kikiwa baridi mkononi, maji bado yamo.

Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Isongole, aliniuliza nyumbani kwetu mahindi ya mbegu tulikuwa tunayakaushia wapi. Nikajipiga kofi la paji. Uchagani! Juu ya meko, ndani ya moshi.

Kesho kila mtoto anaondoka na kigae kimoja au viwili, vimefungwa kwa jani la mgomba, vikakae uchagani kwao wiki moja.

Jumatatu, 11 Agosti

Wiki nzima nilikuwa na wasiwasi kama mtu aliyekopesha. Baadhi walikwenda Nane Nane Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, vigae wakaviacha kwa bibi zao.

Vimerudi 48 kati ya 50 nilivyotoa. Vyepesi, vina joto la mkono, vinanuka moshi. Viwili vimeliwa na maisha: kimoja mbuzi, kimoja hakuna anayetaka kusema.

Sikutegemea kwamba vingerudi vimesahihishwa. Kigae D6, jembe la Kikinga, kilitoka hapa mpini ukiwa umechomekwa kwenye tundu la chuma kama majembe ya dukani. Kimerudi kimekwaruzwa kwa msumari: sasa bapa la jembe lina mkia mwembamba, na mkia ndio umechomekwa ndani ya mpini. Mtoto ananiambia babu alikaa mbele ya moto na miwani, akasema, “Mwalimu wenu hajawahi kuliona.” Ni kweli. Kwenye F13, mama amechongewa kata kichwani chini ya kikapu, kwa sababu bibi wa mtoto alisema bila kata shingo ingevunjika. Nyumba moja imetuma ujumbe kwamba ng'ombe wetu wana sura za mbwa. Hao tumeamua kuwaacha.

Nilidhani naazima moto wa watu tu. Sasa wazazi ambao kwenye mikutano hawaji wananisimamisha barabarani kuuliza kigae chao kinakaa safu ya ngapi.

Jumamosi, 16 Agosti

Kuchoma kwa kwanza. Vigae 60: 48 vya uchagani na 12 kati ya vile vilivyobaki darasani.

Tulifanya kama Bibi alivyoelekeza: moto mdogo kwanza, vigae vikizunguka kama watu wanaoota, saa nzima. Kisha tukavipanga juu ya kuni, tukafunika kwa mianzi, majani makavu ya mgomba na nyasi. Bibi yuko Lyulilo kwenye soko lake, nampigia simu ya mjukuu wake.

Saa kumi na mbili kasoro, paa! Kisha paa nyingine. Watoto wakakimbilia nyuma ya tangi la maji. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakigeuka mvuke hayatafuti mlango, yanatengeneza. Tulihesabu milio kumi na minne.

Giza lilipoingia Bibi akauliza kwenye simu, “Moto umevaa rangi gani?” Nikasema nyekundu. “Ya damu au ya chungwa?” Ya damu. “Ongeza nyasi.” Ndiyo maana huchoma jioni: mchana jua linakuficha rangi. Nikausubiri moto hadi rangi ya chungwa.

Saa mbili usiku mtoto mmoja alichomoa kigae kwa fimbo akaone. Kikalia “ting”, kikawa viwili. Nilishawaeleza kwamba mchanga ulio ndani ya udongo una tabia yake kwenye nyuzi 573: unatanuka ghafla ukipanda na kunywea ghafla ukishuka, ndiyo maana kigae hupoa ndani ya majivu hadi asubuhi. Sasa wamenielewa.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa tumefukua majivu. Vimevunjika 17. Kati ya hivyo 11 ni vya darasani, katika 12. Sina la kuongeza kuhusu uchaga.

Vilivyopona ni vyekundu vya hudhurungi, vingine vina mawingu meusi pale nyasi zilipolala. Sikutaka mawingu hayo, lakini juu ya Milima ya Livingstone yamekaa mahali pake hasa. Vilivyovunjika wameanza kuvisaga kwa ajili ya vipya bila mimi kuwaambia.

Jumamosi, 30 Agosti, na 13 Septemba

Kuchoma mara mbili zaidi, vyote vya uchagani. Tumetumia pumba za mpunga kutoka Kyela kufunika, zinawaka polepole na hazina papara. Vimevunjika vitano kwa jumla. Sina hadithi.

Jumamosi, 27 Septemba

Fundi mwashi, mzazi naye, amekuja na mwiko, timazi na dharau kidogo. Alitaka kubandika vikiwa vikavu. Bibi alikuwa ameshanionya kwamba kigae cha udongo kina kiu: kitafyonza maji ya saruji na saruji itabaki unga. Tukavilowesha kwenye karai hadi mapovu yakome. Fundi akatazama mapovu, akasema, “Haya, vinakunywa kweli,” na dharau ikaisha hapo.

Saruji moja, mchanga tatu. Tulianza chini, juu ya ubao ulionyooka, tukapanda safu kwa safu. Watoto walipanga foleni na kila mmoja akimkabidhi fundi cha kwake huku akisoma namba. Binti mkalimani alikabidhi E10, mtumbwi. Amemchora mama anayepiga kasia, na juu yake, kwa herufi ndogo nilizoziona leo kwa mara ya kwanza, jina la kijiji cha bibi yake.

H20 na H19 zilibadilishana mahali, kwa hiyo kipunji sasa anaitazama migomba badala ya wafanyabiashara. Mwenye kipunji amekasirika. Tumechelewa, saruji imeshika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Paa la maktaba limeongezwa futi mbili ili mvua isipige ukuta moja kwa moja, maana udongo wa moto mdogo utakunywa maji miaka yote. Imetumia bati tano, na deni la bati moja liko kwangu.

Bibi amepanda na basi la asubuhi, ameacha soko kwa mjukuu. Kamati ilipanga hotuba, yeye akapita katikati yao kama hawapo. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu bila kusema. Kisha akakunja kidole na kuanza kugonga, kigae kimoja baada ya kingine, kama anavyogonga vyungu mteja akikaribia, sikio likiwa upande. Ko. Ko. Ko. Watoto wakamfuata kimya. Fundi naye akasogea, kumbe hata waashi hukagua hivyo hivyo.

Alipofika F13, mama mwenye kata, akagonga mara mbili. Akagonga tena.

“Hiki kinalia tupu. Nyuma yake hakuna kitu.”

Fundi akagonga, akaguna, akakubali. Saruji haikufika. Kitang'olewa Jumatatu, na mwenye kigae ameomba, kabla hakijarudi, akipeleke kwanza nyumbani bibi yake akione.